Sita kwa Sita ya Nini Kwenye Chumba cha Kumi kwa Kumi?

Nilipooa nilikuwa nimepanga chumba kimoja Tandika, Dar es Salaam, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani. Chumba futi kumi kwa kumi. Nikaenda Keko kwa mafundi wa vitanda, nikarudi na kitanda cha mninga, sita kwa sita. Marafiki walishanijaza: bwana harusi gani analala kwenye nne kwa sita? Fundi naye akakazia, "Kaka, kitanda ni heshima."

Heshima yenyewe ikaziba mlango. Kumbe sita kwa sita ni kipimo cha godoro. Mbao za ubavuni zina unene wake, kichwa kilichochongwa maua kina chake, na ubao wa miguuni nao umo. Ukijumlisha, kitanda kinakaribia futi saba. Tulipoingiza kabati, mlango ukawa unafunguka nusu, na kila aingiaye anaingia kiubavuubavu kama anapita katikati ya daladala.

Siku mama mkwe alipokuja kutuona ndipo nilipojua nimefanya nini. Mlio kwenye chumba kimoja mnajua: rafiki akija anakaa kitandani, mnakula, mnapiga soga, hakuna neno. Lakini mkwe humkalishi kwenye kitanda anacholala binti yake na mumewe. Na kiti hakikuwa na pa kuwekwa. Mama wa watu akakalishwa ukumbini, wapangaji wanapita na ndoo zao wakimwamkia, mimi nimesimama mlangoni nusu ndani nusu nje, natabasamu.

Tangu hapo nina msimamo, na najua wengi hawaupendi: sita kwa sita haina kazi kwenye chumba kimoja. Piga hesabu. Kumi kwa kumi ni futi za mraba 100. Godoro la sita kwa sita peke yake linakula 36. Tano kwa sita linakula 30, nne kwa sita 24. Hiyo tofauti ya 12 kati ya kubwa na dogo inatosha meza, kiti na ndoo ya maji, na bado mtu akapita bila kuruka vitu.

Kwa mtu anayeishi peke yake, nne kwa sita ni anasa tosha. Ni sentimita 122 za upana, ujigeuze utakavyo. Hata tatu na nusu kwa sita inamfaa, ila ndugu akija kutoka mkoani mmoja wenu atalala chini. Kwa wawili, nne kwa sita inampa kila mtu futi mbili, na hapo sibishani na anayelalamika. Joto la Dar mwezi wa Januari, feni inazungusha hewa ya moto, umeme ukikatika ndiyo kabisa, halafu mgongo wa mwenzio umekugusa usiku kucha! Mapenzi yana mipaka. Ndiyo maana nasema wawili wanunue tano kwa sita. Hiyo nusu futi ya ziada kwa kila mmoja ndiyo inayoleta usingizi. Kikiwa na mtoto mchanga katikati, naelewa anayetamani kubwa zaidi, lakini mtoto huyo huyo baada ya miezi michache atataka sakafu ya kutambaa.

Jambo jingine halisemwi dukani. Kitanda kikubwa kwenye chumba kidogo lazima kisukumwe kwenye kona, pande mbili zikagusa ukuta. Anayelala ukutani akibanwa haja saa tisa usiku, anamvuka mwenzake kama anavuka mtaro. Chandarua nacho kinakuwa mtihani, maana kuchomekea upande wa ukutani kunataka mtu apande juu ya godoro na kutambaa. Ukichoka kuchomekea vizuri, neti inalala mwilini, na mbu anakung'ata kupitia hapo hapo kwenye matundu. Kitanda cha futi tano ukikitenga na ukuta kidogo tu, mkono unapita.

Urefu wa matendegu, kwangu mimi, una uzito kuliko upana. Vitanda vya kisasa vimeshuka chini, vingine vimezibwa mbao mpaka sakafuni, vinapendeza kwenye picha. Watu wa Zanzibar na Lamu wa zamani walikuwa na vitanda virefu vya kupandia kwa kigoda, na mvunguni mnaingia masanduku. Mtaka cha mvunguni huinama, lakini angalau mvungu upo! Kwenye chumba kimoja mvungu ndio stoo: mabegi, gunia la mchele, sufuria za shughuli, viatu. Mwambie fundi akuongezee inchi kadhaa za miguu kabla hajapiga msasa. Na kabla ya kumwona fundi, chora kitanda kwa chaki sakafuni, pamoja na hizo mbao za pembeni, kisha ufungue mlango uone.

Mimi sikuchora. Nilikaa na kile cha mninga mwaka mzima, nikakiuza kwa jirani wa chumba cha pili, ambaye naye alikuwa anaoa. Tukakifungua, tukakitoa chaga moja moja, kichwa kikapita ukumbini kimesimamishwa wima kikikwaruza ukuta. Nilimwambia kinachomsubiri. Akanijibu kuwa nina wivu. Chumba chake ni kumi kwa kumi kama changu, na juzi nimemsikia akimuuliza fundi kama mlango unaweza kugeuzwa ufungukie nje.