Gepu limemeza maneno mangapi?

Novemba iliyopita, mvua zikiwa zimeshaanza, nilimpigia simu mzee anayenisimamia shamba huku Uyole, Mbeya. "Mzee wangu, safari hii acheni gepu la kutosha kwenye mahindi." Akasema sawa. Nilipofika Januari nikakuta mahindi yametengana kama watu waliogombana, shina hadi shina hatua nzima. Nikauliza kulikoni. Akanijibu kwa upole: "Mwanangu, ulisema gepu. Ungesema nafasi, ningekuuliza ngapi kwa ngapi."

Nilinyamaza. Ni kweli, kwa mkulima neno nafasi haliji bila vipimo: 75 kwa 30, yaani sentimita 75 mstari hadi mstari na 30 shimo hadi shimo, mche mmoja mmoja. Ukipiga hesabu, ekari inabeba miche karibu 18,000. Wapanda miti wa Mufindi nao wanakwambia tatu kwa tatu, hapo ni mita. Tena nafasi hiyo haikai bure, maana kati ya mistari ya mahindi tunachomeka maharage. (Konda wa Coaster ya Mwanjelwa naye ana nafasi yake, ambayo haijawahi kuisha. Huyo tumwache.)

Siku hizi gepu liko kila mahali: gepu la pointi kwenye ligi, gepu la kipato, gepu kwenye ripoti, gepu kwenye meno. Sina ugomvi na maneno ya kukopa. Baina tuliikopa kwa Waarabu na hakuna aliyelia. Kinachonikera ni kwamba hili la sasa limekuja kuwafukuza wenyeji, na kila mwenyeji alikuwa na kazi yake.

Chukua mwanya na pengo. Marehemu bibi yangu alikuwa navyo vyote viwili. Mwanya ulikuwa juu, meno ya mbele yote yapo ila yameachiana kidogo, na aliuringia mpaka uzeeni. Mapengo yalikuwa chini, meno yalikotoka, na akicheka aliyafunika kwa kiganja. Kwenye mwanya hakuna kilichopotea, ila pengo linakumbuka kilichokuwepo. Ndiyo maana msibani tunasema marehemu ameacha pengo. Jaribu kusema ameacha mwanya, uone watu watakavyogeuka kutazama nani anataka kujipenyeza kwenye mirathi.

Ufa nao una tabia yake: unakua. Hakuna anayetuonya tuzibe mwanya tusije tukajenga ukuta. Na upenyo ni pale palipobana lakini mtu anapita, kama kati ya meza za nyanya sokoni siku ya Jumamosi. Wahubiri wetu wanalijua sana neno hili. Wanapokuombea "upenyo" wanakiri kwamba umezungukwa, ila pa kutokea pamebaki.

Mtu akiniambia huu ni ubishi wa wapenda kamusi, nampeleka relini. Pale stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, Iyunga, reli mbili zimeachana milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani ni 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja changu, lakini Kidatu, njia hizo zinapokutana, behewa la kawaida haliendelei tu na safari: mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Sasa inama utazame pale vipande viwili vya reli vinapounganishwa. Fundi anaacha mwanya mdogo kwa makusudi, ili chuma kikitanuka kwa jua la mchana kisipinde. Huo ni ufundi. Ufa kwenye chuma chenyewe ni hatari, treni haipaswi kupita hapo. Sasa andika kwenye ripoti "kuna gepu kwenye reli", halafu umpe dereva wa treni asome.

Najua gepu halitaondoka, hata mimi linanitoka nikiwa na haraka, na simu ile ndiyo ushahidi. Msimu huu sikupiga simu. Nilikata kamba, nikaifunga fundo kila sentimita 30, nikampa dereva wa bajaji aipeleke kwa mzee. Jioni mzee akanitumia ujumbe wa neno moja: "Nafasi?"

Nikamjibu ndiyo, na mstari hadi mstari 75.