Ekzosi imebonyea, usijitengenezee bomu

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya bodaboda, kila nikiiona damu inachemka. Jamaa kachukua ekzosi, yaani bomba la moshi la pikipiki, iliyobonyea, kaijaza maji, kaiziba huku na huku, kisha kaipiga moto wa gesi mpaka bonde likaruka nje. Chini watu wanashangilia: "Fundi umetisha!" Ametisha kweli.

Hebu tuambizane. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Ukiyafungia ndani ya bati jembamba lililokwisha kuliwa na kutu, mvuke hauna habari na bonde lako. Utatokea palipo dhaifu: kwenye mshono, au kwenye kile kizibo ulichokielekeza kifuani kwako mwenyewe. Na geji iko wapi? Hakuna. Bwana mkubwa anapima presha kwa macho, na watoto wa nyumba nzima wamechuchumaa pembeni wanatazama sinema.

Ile njia nyingine, ya kuijaza maji na kuigandisha kwenye friza, nakubali, shingo upande. Maji yakiganda huongezeka kama asilimia 9, na bonde husukumwa kiasi. Ila mshono nao hupasuka, halafu nionyeshe mama mwenye nyumba atakayeruhusu bomba la masizi lilale na samaki wake.

Kama lazima ufanyie nyumbani, acha ncha zote wazi. Ifungue, kung'uta masizi, chomelea washa (kile kipete bapa cha chuma cha kuwekea chini ya nati) katikati ya bonde, pitisha ndoano, vuta, huku mwenzako akigonga kingo taratibu kwa nyundo ndogo. Kingo, jamani! Bati limejikunja pale, na ni ile mikunjo inayolizuia kurudi. Kisha kata washa, piga tupa. Kromu itaungua, ivumilie. Kwenye sailensa, lile pipa la kupunguza kelele, usihangaike, ndani kuna vyumba na vibomba ambavyo ndoano yako haivifikii.

Tena bonde lenyewe limekukosea nini? Kwa zile pikipiki za zamani za kuchanganya oili na petroli, umbo la bomba ni sehemu ya nguvu ya injini, hapo nakuelewa. Kwa hizi tunazobebea abiria, kibonyeo cha ukubwa wa kizibo cha soda hakinywi mafuta, hata gereji wakuapie. Wewe tafuta tundu. Likikutwa linapuliza moto kwenye mguu wa abiria, hilo ndilo la kupeleka kwa mchomeleaji leo leo.