Dogo akienda gereji ya pikipiki, alipe au alipwe?

Huu ubishi hauishi huku Mwanza. Mzazi ana kijana kamaliza form four, matokeo hayajakaa vizuri, dogo mwenyewe anasema anataka ufundi pikipiki, basi mama anamfuata fundi mmoja pale Buzuruga anaambiwa kuna hela ya kufundishia, anawaka, "yaani mwanangu akufanyie kazi alafu nikulipe mimi?" Anaenda kwa fundi wa pili, huyo anamwambia mlete tu mama, hamna hela, mama anafurahi na kesho yake dogo kasharipoti. Mi naona tatizo linaanzia hapo kwenye kufurahi, ila tuanze na upande wa mama maana hajakosea kila kitu.

Dogo kazi anafanya kweli. Anafika kabla ya fundi, anatandika vifaa, anaosha vyuma kwa petroli, anaziba pancha, anamwaga oili, anakaza cheni, anatumwa duka la spea kufuata ringi au klachi pleti, jioni anakusanya spana zote. Hizo kazi za cheni na oili mteja analipa na hela inaingia kwa fundi. Hapo bado nauli ya kutoka Kisesa au Buhongwa kila siku na kula ya mchana, vyote vinatoka nyumbani, ukiweka na ada juu yake kuna familia zinakata tamaa kabisa na dogo anaishia kuendesha boda ya mtu kabla hata hajajua kubadilisha breki shuu.

Ila fundi naye asikilizwe jamani. Dogo mgeni ni hasara. Mpe nati ya kumwagia oili aifunge, ataikaza kwa nguvu zake zote akidhani ndo uhodari, meno ya kwenye aluminiamu yanakatika, oili inavuja, na mwenye pikipiki hamdai dogo, anamdai fundi. Spana namba 10 ndo usiseme, sijui huwa zinaenda wapi. Alafu kuna lile linalowauma zaidi, umemfundisha mtu, akishajua anafungua kijiwe mtaa wa pili akiwa na namba za simu za wateja wako. Ndo maana mafundi wengi wanaficha kazi. Hawatasema wanaficha, utaona tu kila injini ikitaka kufunguliwa dogo anatumwa dukani.

Na hapo ndo penyewe, kuliko hata hiyo hela. Chukua mfano wa kupima tapeti, yaani ile nafasi kati ya roka (kichuma kinachosukuma valvu) na valvu yenyewe. Injini inatakiwa iwe imepoa, unazungusha magneti mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya pembeni, unahakikisha roka zote mbili ziko huru, ndo unapitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia, kati ya roka na mguu wa valvu, na nafasi yenyewe ni kisehemu kidogo sana cha milimita moja. Ukibana mno, injini ikishika moto valvu haifungi sawasawa, pikipiki inakosa nguvu, ukiendelea nayo hivyo valvu inaungua. Ukilegeza mno inagonga tak tak tak mpaka abiria anauliza. Sasa mafundi wengi wa vijiweni fila geji hawana, anatikisa roka kwa vidole anakwambia hii bado, hii imekaa, na anapatia kweli! Lakini kile kitu kiko kwenye vidole vyake, hakielezeki kwa mdomo, lazima na dogo aweke vidole vyake pale pale aambiwe sikia hii, sikia na hii. Aliyekuwa kwenye foleni ya spea dakika ile anarudi anakuta kava limeshafungwa.

Dogo wa bure atalalamikia wapi? Alipokelewa kwa hisani. Kwa hiyo mi nipo upande wa kulipa, ila sio kulipa zote siku ya kwanza, maana wapo wanaokula ada na dukani wanakutuma vile vile. Ikatwe vipande kufuatana na kazi: kipande cha matairi, breki na cheni, kipande cha klachi na kabureta, kipande cha umeme, na cha mwisho kinalipwa siku dogo ameshusha injini, kaifunga kwa mikono yake na imewaka. Iandikwe kwenye karatasi, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Na dogo akianza kumaliza kazi peke yake apewe chochote kwenye kila kazi, hata kama ni ya kula tu, hapo hoja ya mama inakuwa imejibiwa nusu.

Kuna watakaosema acheni vijiwe mpelekeni VETA, chuo cha ufundi cha serikali, pale Nyakato. Sikatai, VETA ipo kwa sheria ya 1994 na cheti chake kinatambulika nchi nzima, na hizi pikipiki za umeme zinavyoanza kuingia fundi aliyezeeka na kabureta hatamsaidia dogo sana. Ila darasani humpati bodaboda anayetaka pikipiki yake sasa hivi kwa sababu jioni ana hesabu ya bosi, na kufanya kazi huku mtu amekusimamia kichwani hivyo nao ni ujuzi. Uzuri VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti cha ujuzi alionao bila kuanza darasa upya, kwa hiyo gereji kwanza cheti baadaye inawezekana. Mafundi wengi wa huku hata hawaufuatilii.

Gereji yenyewe nayo ichaguliwe. Za karibu na vilima kama Mabatini na Bugando utashika klachi mpaka uchoke, boda wanapanda mawe na abiria wawili. Kule kisiwani Ukerewe spea inaweza kusubiri meli ya Nansio, fundi wa huko analazimika kutengeneza kitu ambacho wa mjini angetupa akaweka kipya, mi ningekuwa na ndugu Nansio ningempeleka dogo huko kwanza. Muulize fundi pia waliotoka kwake wako wapi, akitaja wawili watatu wenye gereji zao na bado anaongea nao vizuri, huyo hafichi.

Lile la kufungua kijiwe mtaa wa pili, hapo nampa fundi haki. Liingie kwenye ile ile karatasi: dogo akishaiva abaki miezi kadhaa akifanya kazi kwa malipo ya kueleweka, na akiondoka asikae kwenye wateja wale wale. Kama fundi yuko Buzuruga, aende Usagara huko.