Stroberi na dagaa wa Kibirizi

Gari langu ni Toyota Raum la mwaka 2004. Lilipofika kutoka Japani lilikuwa na ile harufu mnayoijua, ya kitambaa kilichofungiwa melini wiki nyingi, na kwa mbali kitu kama sabuni ya watu wenye hela. Nilikuwa nikifika nyumbani nazima injini, vioo juu, nanusa tu. Mke wangu akichungulia anaona mwanaume mzima kafumba macho ndani ya gari lililozimwa. Harufu ile ilidumu siku tisa. Siku ya kumi mama mkwe akapiga simu kutoka Ujiji.

Hapa Kigoma gari ni mali ya ukoo. Wewe jina lako lipo kwenye kadi tu, na bili ya mafuta.

Mama mkwe alikuwa na dumu la mawese, lita 20. Kizibo chake kilipotea zamani, mahali pake pamekaa gunzi la mahindi lililozungushiwa kitambaa. Nikamwambia, mama, hili litamwagika. Akaniangalia kama nimemtukania ukoo. "Mwanangu, gunzi hili limekwenda Kasulu na kurudi." Sasa mkwe akishasema hivyo utamjibu nini? Nikapakia kwenye buti. Tuta la kwanza gunzi likalegea. La pili likachomoka. Kufika Mwanga, zulia la buti lilikuwa la rangi ya machungwa, na rangi ya mawese ikishaingia kitambaani usijisumbue na sabuni. Kwa haki niseme, mawese mapya hayanuki vibaya, yananuka jiko la bibi. Kazi iko wiki ya pili, jua likishayapika mle ndani.

Kabla sijalia vizuri akaja jirani. Huyu mama ananunua dagaa Kibirizi na kuwatuma Dar es Salaam. "Jirani, nisogezee tu kagunia kamoja hadi stesheni." Kagunia! Kalibebwa na vijana wawili, na mmoja akalala chini baadaye. Dagaa wakavu wana vumbi lao linalometa kama fedha, linaingia kwenye mishono ya kiti na halitoki hadi mwisho wa dunia. Mpaka leo nikishika breki ghafla, dagaa mmoja anateleza kutoka chini ya kiti cha mbele na kuniangalia kwa lile jicho lake moja.

Nikasema basi, nanunua marashi ya gari.

Pale sokoni Mwanga kijana alikuwa na meza nzima: vichupa, vikopo vya jeli, vile vya kubana kwenye matundu ya AC, na miti ya kadibodi inaning'inia kwenye kamba kama mishikaki. "Bosi, unataka harufu gani?" Sasa mimi najua harufu gani? Najua wali, najua mvua, najua dizeli. Akaanza kunifungulia. Vanila. Stroberi. Kahawa. Kufika ya nne pua ikafa, kila kitu kinanuka kijana mwenyewe. Akaniambia, "Nusa kwapa lako kwanza, bosi, upumzishe pua." Watu wanapita, mke wa mjumbe anapita, mimi nimezamisha uso kwapani.

Halafu akanipa kimoja kimeandikwa harufu ya gari jipya. Nikashtuka kwa furaha, nikadhani Japani imerudi. Kumbe ile harufu ya gari jipya yenyewe ni gundi na plastiki zinavyotoa mvuke, na mtu kaikamata kaitia kwenye chupa, ananiuzia shilingi elfu tano. Kingine eti upepo wa bahari. Nikamwambia mdogo wangu, mimi nakaa kando ya Ziwa Tanganyika, maji yenye kina cha mita 1,470, ziwa la pili duniani kwa kina. Upepo wa maji naujua. Unanuka dagaa. Ndio ninaoukimbia.

Nikachukua stroberi, kichupa kimoja na mti mmoja. Stroberi yenyewe sijawahi kuila, lakini ilionekana haina uhusiano wowote na samaki.

Kijana akaenda kutafuta chenji, na mnajua chenji ya sokoni inavyotafutwa, nikapata muda wa kusoma historia nzima ya huo mti kwenye simu. Mwaka 1952, huko Watertown, jimbo la New York, dereva wa lori la maziwa alimlalamikia mkemia mmoja, Julius Sämann, kwamba maziwa yakimwagika ndani ya gari yananuka hadi anashindwa kazi. Sämann aliwahi kuzunguka misitu ya Kanada akichuja mafuta ya miti, basi akayanywesha kwenye kadi, akaikata umbo la msonobari, ndiyo hiyo Little Trees. Nilisoma nikacheka peke yangu. Maziwa! Mwanaume analia kwa maziwa! Angepanda Raum langu dakika mbili tu, yule mkemia angelazimika kuvumbua msitu.

Nikasoma pia kwamba mti ule hauvuliwi nailoni yote kwa mara moja. Unakata juu kidogo, unachomoza ncha, wiki inayofuata unauvuta tena kidogo, hivyo hivyo mpaka uishe. Nikaona hayo ni masharti ya watu wenye shida ndogo. Nikauvua mzima mzima, nikautundika kwenye kioo. Nikakiweka na kichupa juu ya dashibodi. Nikapandisha vioo, nikaliacha gari juani kuanzia saa nne asubuhi ili dawa ifanye kazi.

Ndugu zangu. Gari lililofungwa juani ni tanuri, na marashi yanapenda joto, yanaruka yote. Harufu iliyopangiwa mwezi mzima ilitoka mchana ule mmoja. Nilipofungua mlango saa tisa nilipigwa usoni kama nimeingilia ugomvi wa watu. Na dagaa hawakuondoka! Hilo ndilo lililoniuma. Nilitegemea stroberi imfukuze dagaa. Kumbe walikaa pamoja, wakaoana, na mawese akawa shahidi. Mwanangu mdogo alipanda, tukafika Gungu, akatapika. Nikawa na harufu ya nne.

Kile kichupa nacho, siku nashuka ule mteremko wa kwenda mjini, kilianguka kikamwagikia dashibodi. Plastiki ikalainika kama bigijii. Mpaka leo pana alama ya kiganja changu nilipojaribu kufuta, vidole vyote vitano, kama ushahidi wa polisi.

Na kuna jambo hakuna aliyenionya. Pua ni kama mlinzi wa usiku: dakika za kwanza iko macho, ikishazoea inalala. Baada ya siku tatu mimi sikusikia tena stroberi. Nikadhani imeisha, nikanunua mti wa pili. Baada ya siku tatu, wa tatu. Kioo cha mbele kikawa shamba. Ninaendesha napepesuka kati ya matawi, naona kila kitu shwari kabisa, na watu barabarani wananipungia mkono kukataa lifti. Kukataa lifti, Kigoma, juani!

Mke wangu kwanza alinihoji hiyo stroberi ni ya nani. Nikaapa. Siku alipopanda, kabla hatujafika hata kona ya kwanza akateremka, akasema ameridhika: hakuna mwanamke duniani anayeweza kukaa humu.

Aliyenimaliza ni mzee mmoja wa Ujiji, mtu wa heshima zake, nimpeleke msibani. Akaingia, akatulia, akavuta ncha ya kanzu akaifunika pua. Tulikwenda kimya kama dakika kumi. Mwisho akauliza kwa upole sana, "Mwanangu, maiti mnayo humu humu, au tunaifuata?"

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Nikamwambia AC ikiwashwa inatoa harufu ya soksi, nyongeza ya zile nyingine. Akafungua ile droo ya mbele ya abiria, akaingiza mkono nyuma yake, akavuta kitu cheusi kama godoro la paka. "Bosi, hii ni filta ya AC. Haijabadilishwa tangu Japani." Ndani ya mikunjo yake kulikuwa na jani kavu, dogo, lina ncha kama vidole vya mtoto. Jani la mti ambao hauoti mkoa huu. Nilishika lile jani nikakaribia kulinusa, fundi akaniangalia, nikaliacha.

Akaniambia marashi ni kama kujipaka poda hujaoga. Toa zulia, anika. Nikarudi nyumbani nikawa nimeng'oa gari zima, viti viko uani kama tunafungua ukumbi wa sherehe. Mama mkwe akafika, yule yule wa gunzi, akatazama, akatikisa kichwa kwa huruma kama vile yeye hahusiki. "Mwanangu, ukishika samaki unanawa na nini?" Ndimu, mama. "Sasa?"

Tukasugua kila mshono kwa maji ya ndimu. Mwanangu wa kidato cha tatu akaja kunieleza kwamba shombo la samaki ni besi na ndimu ni asidi, zikikutana zinamalizana. Nikamuuliza hilo alilijua lini. Muhula uliopita. Muhula uliopita, na mimi nanunua miti! Usiku tukaacha ndani bakuli tatu za mkaa, unanyonya harufu taratibu. Siku ya nne nikafungua mlango, nikanusa. Hakuna kitu. Nikaleta mke anuse, pua yangu siiamini tena. Hakuna kitu. Gari halina harufu yoyote, kama maji.

Nilikaa ndani, vioo juu, nikafumba macho. Nikasikia mtu anagonga kioo. Jirani.

"Jirani, nasikia umesafisha gari. Alhamdulillahi! Maana nilikuwa nimeacha kukusumbua. Ule mzigo wa mwisho, tajiri wangu wa Dar alinirudishia dagaa wote, anasema wananuka matunda. Nikaona gari lako halifai tena kwa dagaa." Nyuma yake, vijana wawili, na kagunia.

Nimewaambia wanisubiri, natoka mara moja nakwenda Mwanga. Stroberi, miti minne. Na nailoni navua zote.