CD tuliyoizika nyumbani haikuwa CD yenyewe

Huku Uingereza intaneti ya nyumbani wengi huilipia kwa mwezi, haihesabiwi kwa MB, na bado kuna watu wanaonunua CD. Dar na Mombasa, ambako kila wimbo unakula bando, CD siku hizi ni ya kufukuzia ndege shambani. Ukipiga hesabu ilitakiwa iwe kinyume. Saa moja ya muziki wa mtandaoni wa kilobiti 320 kwa sekunde inameza takriban MB 144, na kama hukuupakua, kesho unalipa tena.

Kwa maoni yangu, tuliichukia CD kwa makosa ya nakala zake. Nyingi za machinga zilikuwa za kuchomwa kwenye kompyuta, tena kutoka MP3, faili linalokata sehemu ya sauti ili liwe dogo. Ya kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki na kufunikwa kwa alumini. Ya kuchoma hutegemea tabaka la rangi linalounguzwa na leza. Iache juani kwenye dashibodi, rangi inafifia na deki inaanza kugoma. Igeuze uitazame: ya kiwandani kwa kawaida ni fedha tupu, ya kuchoma ina ukijani, ubuluu au udhahabu. Na kilichokatwa na MP3 hakirudi hata ukikichoma upya.

Kuhusu sauti, tusidanganyane: kati ya CD na kilobiti 320, wengi hawasikii tofauti. Kinachowafanya wapenzi wa CD wang'ang'anie ni kwamba mkataba wa wimbo ukiisha, programu inauondoa bila hodi, ila disku haiondoki kabatini. Halafu kuna kijitabu. Chukua Zanzibara, mfululizo wa CD za taarab na dansi za Afrika Mashariki kutoka lebo ya Buda Musique ya Ufaransa: maelezo ya vikundi, wanamuziki na historia yao yamo ndani ya kava. Kwenye simu, muziki wa dansi wa zamani mara nyingi unaandikiwa mwaka wa kutolewa upya, na mpiga solo hatajwi kabisa.

Huku, CD za mitumba kwenye maduka ya hisani mara nyingi ni pauni moja au mbili. Unayemnunulia mtu wa nyumbani, kagua kwanza upande wenye maandishi. Wengi hukagua wa chini tu, kumbe alumini iko juu, chini ya vanishi nyembamba. Mkwaruzo ukiifikia, basi tena. Chini kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja, michubuko midogo haina neno. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukizungusha, mkwaruzo unafuata njia ya leza na kuziba data nyingi mfululizo, nayo deki haiwezi kuzifidia.

Kisha inakiliwe kwenye kompyuta kwa FLAC, aina ya faili la sauti ambayo haipotezi kitu. Albamu ya saa moja huwa karibu MB 300 hadi 400. Kwa redio ya gari tengeneza nakala ya MP3 na uiweke kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, maana redio nyingi hazisomi mfumo mwingine.

Deki ya Uingereza inaingia moja kwa moja kwenye soketi za Kenya na Tanzania. Ya Marekani iliyoandikwa volti 120 pekee usiichomeke bila transfoma. Deki ikianza kurukaruka, usikimbilie kusema leza imekufa: zima, chomoa umeme, pangusa lenzi taratibu kwa pamba ya kijiti yenye spiriti kidogo. Mara nyingi ni vumbi tu.