Kampuni kubwa ya ukaguzi: inakupa nini, inakutoza nini

Mpwa wangu amemaliza shahada ya uhasibu na ana barua mbili za kazi mkononi. Moja ni ya kampuni kubwa ya kimataifa ya ukaguzi na ushauri, hapa Dar es Salaam. Nyingine ni ya kiwanda kimoja Morogoro, na mshahara wake ni mnono zaidi. "Mjomba, niende wapi?" Ameniuliza mimi kwa sababu nilipitia kampuni ya aina hiyo kwa miaka mitano.

Kuna kitu ambacho kiwanda hakiwezi kumpa. Ndani ya mwaka mmoja nilikaa benki, kampuni ya bima, shamba la chai na shirika la misaada, na kote nilifunguliwa vitabu. Nilimuuliza mkurugenzi wa fedha, mtu wa rika la baba yangu, kwa nini deni fulani halijalipwa, naye ikambidi anijibu. Nilikuwa na miaka 24. Halafu kuna kusahihishwa. Kazi yangu ya kwanza ilirudi kutoka kwa meneja imejaa hoja, nyingi zikiwa neno moja tu: "Umejuaje?" Swali hilo ndilo lililonifanya mhasibu, kuliko chuo. Ada za mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, nazo walinilipia.

Sasa bei yake. Makampuni mengi hufunga hesabu 31 Desemba, kwa hiyo Januari hadi Aprili nyumbani unarudi kulala tu. Mwaka wangu wa kwanza, jioni ya 31 Desemba ilinikuta juu ya rundo la mifuko ya sukari kwenye ghala moja Chang'ombe, nahesabu, chini mtunza stoo akinisubiri afunge aende kwa watoto wake. Uchovu ule nimeshausamehe. Kinachoniuma hadi leo ni masaa.

Kila kazi hupangiwa bajeti ya masaa, na kila mtu hujaza taimshiti, fomu ya masaa aliyofanya kazi. Kazi moja nilipangiwa masaa 40, nikatumia 70. Msimamizi akaniambia niandike 42, hayo mengine "niyale". Nikayala. Mwaka uliofuata bajeti ikapangwa kwa kutazama yale 42, na kijana aliyenifuata akapewa masaa 40 kwa kazi ya masaa 70. Naye akala. Sisi tuliokuwa tukilipwa kuthibitisha ukweli wa takwimu za wengine tulikuwa tunaghushi za kwetu. Na mtu aliyebanwa hivyo, ikifika saa sita usiku, huweka tiki kwenye ankara ambayo hajaisoma vizuri. Nimewahi kuiweka.

Wapo wanaoitetea hali hii: mwanagenzi ni mzito, na mteja hapaswi kulipia kujifunza kwake. Kuhusu mteja wako sahihi. Lakini kampuni inaweza kuandika masaa 70 na kumtoza mteja 40, na hasara ikaonekana mahali pake, kwa wabia wanaogawana faida. Taimshiti ya uongo inaihamishia kwenye usingizi wa mtu wa chini kabisa.

Jina kubwa nalo lina uzito, sikatai. Lilinifungulia milango ya usaili ambayo nisingeifikia. Ila ni jina la kuazima. Arthur Andersen, kampuni kubwa ya ukaguzi, ilikuwa na wafanyakazi wapatao 85,000 duniani, na mwaka 2002 ikaporomoka kwa kashfa ya hesabu za uongo za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, mteja iliyekuwa ikimkagua na wakati huohuo ikimuuzia ushauri. Wengi wao hawakuwahi kugusa faili la Enron.

Pamoja na hayo, nimemwambia achukue barua ya Dar. Akae miaka mitatu, apate CPA yake, yaani cheti cha mhasibu aliyeidhinishwa, kisha apime upya. Masaa ayaandike yote. Akiambiwa ayale, aombe kwa heshima agizo hilo lije kwa barua pepe.