Kwenye hukumu, nani hasa anaongea?

Kuna hukumu ya Mahakama Kuu hapa Mwanza ya mwaka 1990, Ephrahim dhidi ya Pastory, jaji Mwalusanya. Stori yenyewe ya kule Muleba: bibi karithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, 1988 kaliuza shilingi 300,000, kesho yake tu mpwa wake huyoo Mahakama ya Mwanzo, kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwanzo wakampa mpwa, Wilaya wakampa bibi, kesi ikatua Mwanza na bibi akashinda.

Ukiisoma utadhani umekaa kwenye kikao cha ukoo. Anaongea mpwa, zinaongea mahakama mbili za chini, inaongea ile sheria ya mila iliyoandikwa 1963 kwamba mwanamke atumie tu asiuze, wanaongea majaji wa zamani waliosema mila sio kazi yao kuibadilisha, halafu inaingia Katiba na haki zilizowekwa humo 1984, na mikataba ya kimataifa juu yake, wote hao mkononi mwa mtu mmoja.

Wapo wanaoona haya ni makelele, hukumu ni amri bana, sema nani kashinda twende nyumbani. Mi sikubaliani sana. Aliyeshindwa akikuta hoja yake imepangwa vizuri kabla haijapigwa chini, angalau anajua alisikilizwa, na wa rufaa wanapata pa kushika. Bila sauti ya mpwa mle ndani, ushindi wa bibi ungeonekana huruma ya jaji tu.

Ila sasa hizo sauti ni za kwao kweli? Hapa ndo napata shida. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka ushahidi kwa kawaida uandikwe kama masimulizi, sio swali na jibu. Sasa mvuvi wa dagaa kabanwa na wakili, ulimwona kwa mwanga gani, akasita, akasema karabai, akaulizwa ilikuwa mtumbwi wako au wa jirani, akasita tena, kwenye rekodi inasomeka "nilimwona mshtakiwa kwa mwanga wa karabai". Kusita kumepotea. Hata "mshtakiwa" hakusema, yeye alisema yule kijana wa pale kwa mama muuza uji. Kwa haki ya hakimu, ukiandika kila swali na kila "aah" kesi haziishi, na masimulizi yanasomeka. Lakini anayesoma rufaa anakutana na shahidi jasiri ambaye hakuwepo.

Halafu kuna vitenzi. Shahidi wa upande mmoja "alieleza", "alithibitisha", wa upande wa pili "alidai". Hiyo "alidai" ni eti iliyovaa suti, jaji hajasema simwamini ila wewe msomaji ushaanza kutomwamini kabla ya ukurasa wa sababu. Mwenye kuitetea atakwambia hukumu inaandikwa mwishoni, jaji keshaamua, kwa nini ajifanye hajui? Sawa, ila basi aseme kwa sauti yake mwenyewe, asimpake mtu tope kwa kitenzi.

Zamani juu ya Mwanzo hukumu zilikuwa Kiingereza, bibi wa Muleba mwenyewe alipewa ushindi wake kwa Kiingereza, kwa hiyo huo upendeleo wa vitenzi wengi hatukuusikia. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, Kiingereza kikabaki kwa pale haki inapokihitaji. Sasa utasikika.

Kuna mzee mmoja hapa Kirumba mwaloni, kesi yake ya deni la injini ilikuwa Mwanzo, akanipa nakala nimsomee. Tulipofika kwenye utetezi wake, "mdaiwa alidai kwamba alishalipa", akanikatisha.

"Hebu rudia hapo. Mimi si ndo mdaiwa? Sasa mbona nimeandikwa nadai, na yule anayenidai kaandikwa anaeleza?"